Bima ya kampuni au hospitali ya serikali: Muislamu wa mjini achague nini?



Ndugu msomaji, kama unaswali Ijumaa katika misikiti yetu ya mjini, iwe Dar es Salaam, Tanga au Morogoro, basi unalijua tangazo linalokuja baada ya salamu. Watu hawajanyanyuka, mtu anasimama karibu na mihrabu na kuomba wasubiri kidogo. Kuna ndugu yetu amelazwa, anatakiwa upasuaji, familia imefika mwisho, tunaomba mchango. Vijana wawili wanapita safu kwa safu wakiwa wameshika kitambaa pembe mbili mbili, na noti za elfu elfu zinaanguka humo.

Sina ugomvi na kitambaa hicho. Ni sunna yenye asili yake, na nitairudia hapo chini. Lakini angalia vizuri ni nani anayechangiwa. Mara nyingi si fukara. Ni mwenye duka, fundi cherehani, dereva wa daladala, mwalimu wa shule binafsi. Mtu ambaye wiki mbili kabla ya kuugua alikuwa yeye ndiye anayetoa. Ugonjwa mmoja umemtoa safu ya watoao na kumtia safu ya waombewao. Hapo ndipo linapokuja suala ambalo nimekuwa nikiulizwa na ndugu wengi, kwa kuwa wanajua kwamba nilikaa miaka 9 katika chumba cha bili cha hospitali moja ya binafsi hapa Dar es Salaam, nikishughulika na fomu za bima kutwa nzima. Wananiuliza: tukate bima ya kampuni, au tubaki na hospitali za serikali? Na wengine wanaongeza: hiyo bima yenyewe ni halali?

Tuanze na tulikotoka, kwa sababu wazee wengi bado wana fikra za zamani. Baada ya uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, matibabu katika hospitali za serikali yalikuwa bure. Mwaka 1977 sheria ikapiga marufuku hospitali binafsi za kibiashara. Zikabaki za serikali na za mashirika ya dini. Hali ya uchumi ilipoharibika katika miaka ya 1980, dawa zikakosekana, na mwaka 1991 milango ikafunguliwa tena kwa hospitali binafsi. Mwaka 1993 ukaja utaratibu wa kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Tangu hapo neno "bure" limebaki kwa makundi maalumu: wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wenye maradhi kama kifua kikuu, ukoma na UKIMWI. Wengine wote tunalipa, ama kwa fedha mkononi au kwa kadi.

Kwa hiyo anayesema "mimi nategemea hospitali ya serikali, ni bure" anaizungumzia nchi ya miaka arobaini iliyopita. Suala la leo si bure dhidi ya kulipia, bali unalipa lini na unalipa kwa njia gani. Unalipa ukiwa mzima kidogo kidogo, au unalipa ukiwa kitandani kwa mkupuo?

Hapa watu wengi wanachanganya mambo, na ni vyema tuyatenganishe. Kuna hospitali ya serikali na kuna hospitali ya binafsi; hilo ni suala la unatibiwa wapi. Kisha kuna fedha mkononi, mfuko wa umma na bima ya kampuni. Hilo ni suala la nani analipa. Mtu anaweza kuwa na kadi ya kampuni akatibiwa Muhimbili, na mwingine akawa na kadi ya mfuko wa umma akatibiwa hospitali ya binafsi. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na ukaanza kazi 2001 kwa watumishi wa serikali: mtumishi anakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anaongeza asilimia 3. Kadi hiyo inamhudumia mwanachama, mwenza wake na wategemezi wanne, na miongoni mwa wategemezi hao anaweza kuwamo mzazi. Kumbuka neno hilo "mzazi", tutalihitaji.

Kwa watu wasioajiriwa kulikuwa na Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulioanza kwa majaribio Igunga mwaka 1996 na kupewa sheria mwaka 2001. Ulipoundwa upya katika miaka ya 2018 na 2019, kaya ya watu 6 mikoani ilitakiwa kulipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Mwezi Novemba 2019 NHIF nayo ilileta vifurushi vya Najali, Wekeza na Timiza kwa mtu mmoja mmoja na familia. Na mwezi Novemba 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ambayo inamtaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe ndani ya mpango wa bima. Utekelezaji wake umekuwa wa hatua kwa hatua. Kwa hiyo mjadala wa kama utakuwa na bima au hutakuwa nayo unakwisha wenyewe. Uliobaki ni bima ipi.

Sasa nije kwenye lile la halali na haramu, maana najua wapo watakaoacha kusoma kama sitalifikia mapema. Mimi si mufti, nanukuu tu yaliyoamuliwa na wenye elimu yao. Mtume (SAW) amekataza biashara ya gharar, yaani mauziano ambayo ndani yake mna kutojulikana kukubwa: hujui utapata nini, kiasi gani, wala kama utapata. Bima ya biashara ina sura hiyo. Unalipa milioni mwaka mzima, huumwi, fedha zimekwenda. Mwenzako analipa laki mbili, anaugua, anatibiwa kwa milioni 20. Ongeza kwamba kampuni nyingi huziweka fedha hizo mahali zinakozaa riba. Kwa sababu hizo Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, mwaka 1978 lilitoa uamuzi wa kuikataza bima ya biashara, na Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi ya Jeddah ikafanya hivyo mwaka 1985. Na wote wakaruhusu bima ya ushirika, ambamo watu wanachangiana kwa nia ya kusaidiana.

Wapo waliotofautiana nao. Sheikh Mustafa az-Zarqa, mmoja wa mafaqihi wakubwa wa Syria katika karne iliyopita, alikuwamo katika kikao kile cha Makka na akaweka rai yake mbali: kwake yeye bima kwa asili yake inafaa, ila riba ndiyo iondolewe. Simtaji ili kila mtu achague rai inayompendeza. Namtaja kwa sababu nimesikia watu wakitukanana kwenye baraza kwamba mwenye kadi ya bima amekula haramu ya wazi kama mnywa pombe. Suala ambalo wanavyuoni wa daraja hiyo wamelijadili kwa heshima, sisi wa baraza la kahawa tuna haraka gani?

Muhimu zaidi kwetu ni kikao cha Akademia hiyo kilichofanyika Dubai mwaka 2005, kilichozungumzia bima ya afya peke yake. Walitofautisha. Mkataba wa moja kwa moja baina ya mtu na hospitali, kwamba unalipa kiasi na wao wanakutibu kwa muda fulani, unafaa kwa masharti, kwa kuwa gharar yake ni ndogo na haja ni kubwa. Ikiwa katikati yupo mpatanishi wa bima, basi akiwa wa ushirika inafaa, akiwa wa biashara hukumu inabaki ile ya 1985. Na mifuko ya serikali ambayo lengo lake si faida ya wenye hisa, wengi wa wanavyuoni wa zama hizi wameiweka upande wa kusaidiana. Anayekatwa kwa sheria kutoka kwenye mshahara wake, huyo hata hakuulizwa.

Kwa mpangilio huo, Muislamu anayechagua kwa hiari yake anaanza na mfuko wa umma au takaful, na bima ya biashara inakuja mwisho, pale penye haja ya kweli na hapana njia nyingine. Na hapo amuulize mwanachuoni anayemwamini, amweleze hali yake na ya familia yake, asiulize kwa jumla tu. Takaful si ndoto tena kwetu. Kenya ilipata kampuni ya kwanza ya namna hiyo mwaka 2011. Hapa kwetu Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ilitoa mwongozo wa takaful mwaka 2022, na Shirika la Bima la Zanzibar likafungua huduma hiyo. Nenda ukaulize kama bidhaa ya afya ipo na inahudumia hospitali zipi za mji wako, maana bidhaa nyingine zinaanzia kwenye magari na mali.

Basi tuseme sharia tumeilinda. Bado kuna hesabu, na humu ndimo watu wanamoumia.

Nichukue mfano wa shemeji yangu, ambaye ameniruhusu nimtaje bila jina. Ana duka la vifaa vya umeme Kariakoo. Ana mke, watoto watatu, na mama yake wa miaka 71 mwenye presha na sukari. Alikuja kwangu na karatasi ya kampuni: shilingi milioni 2 na laki 4 kwa mwaka kwa watu watano. Watano, si sita. Mama hakuwamo, kwa kuwa kampuni ilikuwa haipokei mwanachama mpya aliyevuka miaka 65. Ofisa aliyemletea karatasi hiyo hakulisema hilo mpaka alipoulizwa mara ya pili. Yaani yule ambaye kila mtu ndani ya nyumba alikuwa akimfikiria aliposema neno "bima", ndiye aliyeachwa nje.

Nilimwambia kwanza alete risiti. Alikuwa mtu wa kuweka karatasi, alhamdulillah. Mwaka uliopita nyumba nzima ilitumia kama laki 7 kwa matibabu: malaria, vikohozi vya watoto, jino la mke, na zaidi ya nusu ni dawa na vipimo vya mama. Kwa hiyo kampuni ilikuwa inamuuzia kwa milioni 2 na laki 4 kitu ambacho, ukimwondoa mama, kilikuwa kinamgharimu laki 3 na kitu. Akacheka, akasema basi haina maana. Nikamwambia subiri, hapo unakosea upande wa pili.

Malaria haikuuzishi duka. Kinachouzisha duka ni ajali ya bodaboda na mguu wa kuwekwa vyuma. Ni mke kujifungua kwa upasuaji kisha mtoto akakaa wodi ya njiti wiki tatu. Ni figo kushindwa kazi, ambapo mgonjwa anatakiwa kusafishwa damu mara 3 kwa wiki, wiki baada ya wiki. Hayo ndiyo mtu hawezi kuyabeba peke yake, na hayo ndiyo anayotakiwa kuyawekea bima. Yale madogo anayeweza kuyalipa kwa mauzo ya siku mbili, ayalipe. Kwenye karatasi za makampuni utakuta sehemu mbili: kulazwa, ambayo ndiyo msingi, na matibabu ya wagonjwa wa nje, ambayo ni nyongeza. Ile nyongeza ndiyo hupandisha bei, kwa sababu kila mtu huitumia, na kampuni inajua hivyo. Kwa mtu mwenye akiba kidogo, mara nyingi kulazwa peke yake kunatosha.

Halafu asome maandishi madogo. Katika chumba kile cha bili sikuona kilio kikubwa kuliko cha mtu mwenye kadi mfukoni aliyeambiwa kwamba kadi yake hailipi. Sababu zilikuwa zile zile kila mwezi. Ugonjwa ulikuwapo kabla ya kujiunga na mkataba unaufungia nje, au unaupa kiwango kidogo. Uzazi una muda wa kungojea, na yeye amejiunga akiwa na mimba ya miezi mitatu. Kikomo cha mwaka kimekwisha. Hiki cha mwisho ndicho kinachotisha, maana kikomo kilichoandikwa milioni 10 kinaonekana kikubwa kwenye karatasi, lakini chumba cha wagonjwa mahututi katika hospitali ya binafsi kinakimaliza kabla familia haijajua kusoma ile mashine ya mapigo ya moyo. Kikishakwisha, bili inahamia kwa familia, na mgonjwa anahamishiwa, wapi? Muhimbili.

Hilo nataka tulitulie kidogo. Katika mji huu maradhi makubwa kabisa yanaishia katika hospitali za umma, uwe na kadi ya rangi yoyote. Saratani ni Ocean Road. Moyo ni Taasisi ya Jakaya Kikwete, iliyofunguliwa 2015. Mifupa na ubongo ni MOI. Na daktari bingwa unayemlipia jioni katika hospitali yenye marumaru, aghalabu ndiye yule yule aliyekuwa asubuhi Muhimbili. Unacholipia zaidi kwa binafsi ni muda, faragha, lugha nzuri na kitanda kisicho na mtu wa pili. Sisemi hayo ni madogo. Mke wangu alipokuwa na matatizo ya uzazi tulikwenda binafsi kwa sababu moja tu, kuhakikisha anahudumiwa na daktari mwanamke, na sikujuta hata senti moja. Hospitali ya umma haiwezi kukuahidi hilo kila zamu, ingawa ukiomba mapema na kwa adabu, mara nyingi wauguzi watakusaidia. Lakini mtu ajue analipia kitu gani. Na kabla hajasaini mkataba wa kampuni aulize: kadi hii inapokelewa Muhimbili, Ocean Road na taasisi ya moyo? Jibu likiwa hapana, bima hiyo itakusindikiza mpaka mlangoni na kukuacha pale pale safari inapoanza.

Ama kuhusu udhaifu wa hospitali za serikali, nani asiyeujua? Foleni ya alfajiri, kipimo kilichoharibika, na lile neno la dirisha la dawa: hii hakuna, kanunue nje. Mama mjamzito ambaye kisera anatibiwa bure anaambiwa aje na glovu, pamba, nyembe na mpira wa kutandika. Wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja mwaka 2001 wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Ahadi ile iliandikwa kwa wino, lakini nchi chache mno zimeitimiza, na yetu haimo humo. Mwenye kusema kwamba tukate bima kisha tuwaache wanasiasa walale, simuungi mkono. Kodi tunalipa. Ile ni hospitali yetu.

Na wala Muislamu asione kwamba hospitali ya umma ni jambo la wajamaa au la wakoloni. Nuruddin alijenga hospitali Damascus mwaka 1154, na Sultan Qalawun akajenga ya Cairo mwaka 1284, ikiendeshwa kwa mapato ya waqfu, ikipokea tajiri na masikini, mwanamume na mwanamke, bila ya kuulizwa fedha mlangoni. Sisi waqfu zetu nyingi za mjini zimekuwa fremu za maduka zinazogombaniwa. Hilo ni somo la siku nyingine.

Mfuko wa umma nao usiupambe sana. Mwezi Machi 2024, NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya cha bei, hospitali kadhaa kubwa za binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wake, na watu waliozoea kwenda huko wakajikuta nje na kadi zao. Serikali ilielekeza wanachama hao wahudumiwe katika vituo vya umma na vingine vilivyokuwa bado na mkataba. Mwaka mmoja kabla yake, 2023, ilisitishwa kadi ya Toto Afya kwa mtoto mmoja mmoja, ile iliyokuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, na wazazi wakaelekezwa kuwaandikisha watoto kupitia shule au vifurushi vya familia. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba wazazi wengi walimwandikisha mtoto akiwa tayari mgonjwa. Mfuko ambao wagonjwa peke yao ndio wanaoingia hauwezi kusimama, uwe wa serikali, wa kampuni au wa msikiti. Fedha za mgonjwa hutoka kwa wazima waliokubali kuchangia.

Na hapa niseme jambo ambalo halisemwi mimbarini. Katika kazi yangu ile niliona watu wetu, wenye sijda usoni, wakileta kadi ya mtu mwingine. Dada anatumia kadi ya mdogo wake, mpwa anaingia kwa jina la mtoto wa mjomba. Ukimuuliza anasema ni kusaidiana. Kusaidiana ambako Allah (SW) ametuamrisha katika Surat al-Maida, aya ya 2, kumefungamanishwa na wema na ucha Mungu, na aya hiyo hiyo ikakataza kusaidiana katika dhambi. Mfuko ni amana ya watu. Dawa iliyochukuliwa kwa jina la uongo imechukuliwa kutoka kwa mtu fulani aliye foleni nyuma yako. Isitoshe ni hatari kwa mgonjwa mwenyewe: faili litaandikwa kundi la damu la mtu mwingine na maradhi ya mtu mwingine.

Turudi kwa shemeji. Baada ya kukaa na karatasi mbili usiku mzima tulifikia hivi. Kwa kuwa mke wake ni mwalimu wa serikali, na kadi yake ya NHIF ilikuwa na nafasi ambazo hazijajazwa, yeye na watoto watatu waliingia humo kama mwenza na wategemezi. Miaka 8 ya ndoa alikuwa hajui kwamba haki hiyo ipo. Fomu ilikuwa haijajazwa tu. Ikabaki nafasi moja ya mtegemezi. Je, aingie mama mzaa chema wa mke, au mama yake yeye mwenye sukari? Hapo niliwaacha wenyewe, mume na mke. Wakaamua aingie huyu mgonjwa, na mke ndiye aliyesema hivyo, Allah amlipe. Ile karatasi ya milioni 2 na laki 4 ilirudishwa kwa ofisa. Si kila mtu ana mke mwalimu, najua. Lakini wangapi kati yetu tumekwenda kununua kadi mpya bila kuuliza ile iliyomo ndani ya nyumba inaweza kubeba watu wangapi?

Kwa wasio na mtumishi nyumbani, kuna njia ya kundi. Mtu mmoja akienda peke yake dirishani kukata bima, anayempokea anajiuliza: huyu ameambiwa nini na daktari? Wakienda watu 80 wa mtaa mmoja, wazee kwa vijana, wazima kwa wagonjwa, hesabu inakuwa nyingine na masharti hulegea. Ndiyo ile hadithi ya Waash'ari, iliyomo katika Bukhari na Muslim: chakula kilipowapungukia walikusanya alichonacho kila mmoja katika nguo moja, wakagawana sawa kwa chombo kimoja, na Mtume (SAW) akawasifu kwamba wao ni wake naye ni wao. Kitambaa kile cha Ijumaa kimetoka huko. Tofauti ni kwamba wao walikusanya vya wote kisha wakagawana wote, nasi tunangoja mmoja wetu aanguke kwanza.

Msikiti wetu tulijaribu. Kaya 60, shilingi 5,000 kwa mwezi, daftari moja na weka hazina wawili. Kwa mwaka ni milioni 3 na laki 6. Mwaka wa kwanza tulilipia mivunjiko miwili na upasuaji wa ngiri, na tukalipa bili ya marehemu mmoja ili maiti itoke tuwahi kuzika kabla ya Alasiri. Serikali imekwishaelekeza zaidi ya mara moja kwamba maiti isizuiliwe kwa deni, ila aliyewahi kusimama mlango wa chumba cha maiti anajua kwamba maelekezo hayo huwa hayajafika siku hiyo. Mwaka wa pili alipatikana mwenzetu mwenye saratani ya koo. Fedha za mwaka mzima zikaisha kwa miezi mitatu, na ilipofika zamu ya mgonjwa mwingine daftari lilikuwa tupu. Hakuna aliyeiba. Kaya 60 ni chache mno kubeba saratani moja.

Kwa hiyo tumebadilisha matumizi ya mfuko. Sasa unalipa yale madogo ambayo bima haiyafiki: nauli ya mgonjwa, dawa iliyokosekana dirishani, posho ya anayelala na mgonjwa. Na kwa yale makubwa tumeandikisha kundi na kupeleka orodha ya majina katika ofisi mbili, moja ya mfuko wa umma na moja ya takaful, ili watupe bei kwa maandishi. Tumewauliza mambo manne: wazee wetu 14 waliovuka miaka 60 wanaingia au hawaingii, kikomo kikiisha nani analipa, hospitali zipi ndani ya mji huu zina mkataba nao leo, si mwaka jana, na uzazi unangojewa miezi mingapi. Ofisi moja imejibu maswali matatu na kuruka lile la wazee. Tumewarudishia barua.